Programu ya wavuti hujengwaje ili idumu Arua na Koboko?

Kila wiki vituo vya afya vya West Nile hutuma takwimu za magonjwa na akiba ya dawa, kwa simu na kwa kompyuta. Kufika au kutofika kwa taarifa hizo hutegemea kwa sehemu kubwa maamuzi ya wanaprogramu ambao huenda hawajawahi kuiona Arua. Makala hii inaeleza maamuzi hayo ni yapi, na kwa nini yanamhusu hata asiyeandika programu.

Kituo cha afya kilicho kandokando ya Koboko kina majirani wawili wa kigeni: Sudan Kusini upande wa kaskazini, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo upande wa magharibi. Magonjwa hayasubiri kugongewa muhuri mpakani. Mwaka 2007 homa ya uti wa mgongo ilienea katika wilaya kadhaa za West Nile, na katikati ya mwaka 2019 mgonjwa wa Ebola alithibitishwa Ariwara, mji wa Kongo ulio karibu na mpaka wa Arua. Katika mazingira hayo, ripoti ya wiki ambayo Wizara ya Afya ya Uganda huiita fomu HMIS 033b si karatasi ya kujaza kwa mazoea. Mgonjwa mmoja wa homa ya uti wa mgongo aliyeandikwa Jumatatu akaonekana wilayani siku hiyo hiyo ana maana tofauti kabisa na yule aliyeonekana wiki tatu baadaye.

Kati ya mhudumu anayeandika tarakimu ile na ofisa wa wilaya anayeisoma kuna programu. Imeandikwa na watu, kwa lugha fulani ya kompyuta, juu ya kiunzi fulani, kwa desturi fulani za kazi.

Kiunzi ni nini?

Programu ya wavuti ni ile itumiwayo kupitia kivinjari, pasipo kuhitaji kusakinishwa katika kila kompyuta. Takriban zote zina mahitaji yanayofanana: kumtambua mtumiaji kwa nywila, kupokea fomu aliyoijaza, kuhakiki alichoandika, kukiweka katika hifadhidata na kukionyesha tena kinapohitajika. Kuyaandika hayo yote upya kila mara ni kupoteza muda, tena ni hatari, kwa kuwa nywila zilizohifadhiwa na mtu asiye na uzoefu huibwa kwa urahisi. Kwa hiyo wanaprogramu hutumia sehemu zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa na wengine, zikiwa zimepangwa katika muundo mmoja. Wao huuita fremuweki. Hapa tutauita kiunzi, kama kiunzi cha nyumba au cha jahazi, ambacho mwenye nyumba hakioni lakini ndicho kinachoamua paa litakaa wapi.

Viunzi hivi vina makabila yake. Django, kilichoandikwa kwa lugha ya Python, kilizaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walitakiwa kuzindua kurasa mpya kwa kasi ya chumba cha habari. Kilitolewa kwa umma mwaka 2005 na kupewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Ruby on Rails cha David Heinemeier Hansson kilikuwa kimetangulia mwaka 2004. Laravel cha Taylor Otwell, kwa watumiaji wa lugha ya PHP, kilifuata mwaka 2011. Kisha mwaka 2013 kampuni ya Facebook ikaitoa React, ambayo huhamishia sehemu kubwa ya kazi kutoka kwenye seva hadi ndani ya kivinjari cha mtumiaji.

Wanaprogramu hubishana juu ya viunzi hivi kama walivyobishana mashabiki wa Onduparaka na wa Arua Hill, na kwa hoja zenye uzito kama huo. Ukweli ni kwamba fomu ya malaria inaweza kujengwa vizuri kwa chochote kati yake. Swali linalostahili kuulizwa ni nani atakayeitengeneza fomu hiyo itakapoharibika, mwaka wa nne, mfadhili akiwa amekwisha kuondoka.

Wizara ilipopiga breki

Uganda ililijibu swali hilo mapema kuliko nchi nyingi. Kufikia mwaka 2011 miradi ya majaribio ya afya kwa njia ya simu ilikuwa imezagaa nchini. Mmoja ulituma ujumbe wa kuwakumbusha wajawazito kliniki, mwingine ulihesabu dawa, mwingine ulifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu, na kila mmoja ulikuja na programu yake. Wataalamu waliutania mtindo huo kuwa nao ni ugonjwa: ugonjwa wa majaribio yasiyokwisha. Januari 2012 ofisi ya Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Afya, iliyokuwa chini ya Dkt. Jane Ruth Aceng ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya, ilisimamisha miradi yote mipya ya namna hiyo hadi utaratibu wa pamoja upatikane.

Uamuzi huo ulionekana mkali, na wapo waliosema kwamba unaua ubunifu. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa kiufundi ulio bora kuliko mwingi iliyotolewa na wahandisi wenyewe katika miaka ile.

Mradi wa majaribio hufa kwa njia inayojulikana. Kwanza, orodha yake ya vituo vya afya ni yake peke yake. Kituo kilichoandikwa hapa kwa jina la kijiji kimeandikwa kule kwa jina la parokia, na hakuna kompyuta inayoweza kutambua kwamba ni kimoja. Pili, seva hulipiwa kwa kadi ya benki ya shirika, na mkataba unapokwisha malipo nayo hukoma. Tatu, nywila kuu imo kichwani mwa kijana mmoja aliyekwisha kupata kazi Kampala au Nairobi. Nne, msimbo wa programu haukuwekwa mahali ambapo mwingine angeweza kuusoma. Ikifika hapo, mhudumu wa afya aliyefundishwa mara tatu kutumia mifumo mitatu hurudi kwenye daftari lake, na hakuna anayeweza kumlaumu.

Kasoro hizo nne hazitibiwi na kiunzi kizuri. Hutibiwa na desturi za kazi, na desturi hizo ni nyepesi kuzitaja. Msimbo huwekwa katika mfumo unaohifadhi kila badiliko na jina la aliyelifanya. Unaotumika zaidi duniani ni Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Majaribio huandikwa pamoja na programu yenyewe, ili anayeirekebisha sehemu moja ajulishwe mara moja kwamba ameharibu nyingine. Nakala ya data huchukuliwa kila siku, na mara kwa mara hurejeshwa kwa majaribio, maana nakala isiyowahi kurejeshwa ni matumaini tu. Funguo hukabidhiwa ofisi, si mtu.

Zilizobaki

Miongoni mwa mifumo iliyosalimika ni mTrac, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na UNICEF na wadau wengine. Mhudumu hutuma ripoti ya wiki kwa ujumbe mfupi wa simu, bila malipo, hata akiwa na simu ya tochi isiyo na intaneti. Ofisa wa takwimu wa wilaya huupitia ujumbe huo kwenye ukurasa wa wavuti, na akiridhika tarakimu zinaingizwa katika hifadhidata ya taifa. Wananchi nao walipewa nambari ya kutoa malalamiko bila kujitaja, kwa mfano wanapofika kituoni na kuambiwa dawa ya malaria imekwisha.

mTrac ilijengwa juu ya RapidSMS, programu huria ambayo UNICEF ilianza kuijenga mwaka 2007 kwa kutumia kiunzi cha Django. Baadaye UNICEF, pamoja na kampuni ya Nyaruka yenye asili ya Kigali, ilitoa RapidPro, nayo mTrac ikahamia huko. Linalovutia kwa anayependa kujua kazi hizi ni jinsi RapidPro ilivyokua. Ujumbe ulipoongezeka hadi Python ikaanza kulemewa, wajenzi hawakuivunja nyumba yote. Sehemu zinazopokea na kusukuma ujumbe, ambako kasi inahitajika, ziliandikwa upya kwa lugha ya Go. Kurasa za wasimamizi zilibaki juu ya Django kama zilivyokuwa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ugonjwa mkubwa wa taaluma ya programu ni tamaa ya kuanza upya. Mwanaprogramu mpya huutazama msimbo wa mwenzake aliyemtangulia, huuona mbaya, na hupendekeza uandikwe wote tena kwa kiunzi kipya. Asichokiona ni kwamba kila mstari unaoonekana wa ajabu ajabu huenda uliwekwa kwa sababu ya tukio fulani: kituo kilichotuma ripoti mara mbili, simu iliyokuwa na tarehe ya mwaka 1970, ofisa aliyeandika herufi o mahali pa sifuri. Ukiufuta mstari huo, tukio lile linarudi.

Mtandao unapokatika

Hali ya mawasiliano ya West Nile imebadilika mno. Mwaka 2017 Facebook, Airtel Uganda na kampuni ya BCS zilitangaza ujenzi wa takriban kilomita 770 za mkongo wa nyuzi za kioo kaskazini magharibi mwa Uganda. Kwa upande wa umeme, eneo hili lilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, likitegemea kampuni ya WENRECo, jenereta zake, na tangu mwaka 2012 bwawa dogo la Nyagak lenye uwezo wa megawati 3.5. Aliyeishi Arua miaka hiyo anakumbuka zamu za umeme.

Hata hivyo mwanaprogramu anayeichukulia Arua kama kwamba ni London yenye joto atakosea. Mtandao hukatika kwa sababu ya mvua, kwa sababu ya jembe la mkandarasi wa barabara, na wakati mwingine kwa amri. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Gharama nayo ina historia: tarehe 1 Julai 2018 watumiaji wa mitandao ya kijamii walianza kutozwa shilingi 200 kwa siku, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya bei ya data yenyewe. Maana yake, tangu hapo kila kilobaiti isiyo ya lazima iliyotiwa ndani ya programu inamtoza mtumiaji kodi.

Hapo ndipo uchaguzi wa kiunzi unapoacha kuwa ushabiki. Ukurasa wa kawaida wa wavuti duniani leo una uzito unaozidi megabaiti 2, na sehemu kubwa ya uzito huo ni picha pamoja na msimbo wa JavaScript. Fomu yenye maswali ishirini, ikitayarishwa na seva na kutumwa ikiwa maandishi tu, haihitaji kuzidi kilobaiti 50. Mhudumu akifungua kurasa 50 kwa siku, tofauti ni kati ya megabaiti 100 na megabaiti 2.5. Kivinjari huhifadhi baadhi ya vitu na kupunguza mzigo, ni kweli, lakini simu yenye nafasi ndogo huvifuta na kuvipakua tena.

Je, basi tuseme kwamba viunzi vya kizamani vinavyotayarisha ukurasa kwenye seva ndivyo bora siku zote? La. Ukurasa wa namna hiyo una udhaifu wake: mtandao ukikatika katikati ya kujaza, kazi yote inaweza kupotea, na mhudumu aliyepoteza fomu ya wagonjwa arobaini mara mbili hatajaza ya tatu.

Mfano mzuri wa kulikabili tatizo hili ni DHIS2, mfumo ambao Uganda iliuchukua mwaka 2012 kuwa hifadhidata ya taifa ya takwimu za afya, na ambao ofisi za afya za wilaya, Koboko na Arua zikiwemo, huutumia. Asili yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi, ambako toleo la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access na kukaa katika kompyuta moja moja. Toleo la pili, linaloongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, liliandikwa kwa lugha ya Java ili litumike kupitia wavuti. Kenya ilipoliweka kwenye seva moja ya taifa mwaka 2011, swali la mikatiko ya intaneti likawa la lazima. Jawabu lilikuwa kuitumia akiba iliyomo ndani ya kivinjari chenyewe: mhudumu huendelea kujaza fomu mtandao ukiwa haupo, tarakimu hubaki kwenye kompyuta yake, na mawasiliano yanaporudi hutumwa kwenye seva.

Kisha likatokea jambo ambalo ni somo kwa kila mnunuzi wa programu. Njia ile ya kuhifadhi kurasa ndani ya kivinjari ilionekana na watengenezaji wa vivinjari kuwa na kasoro, wakaiondoa na kuweka nyingine. Uamuzi huo ulifanywa Marekani kwa sababu zinazoeleweka kabisa, lakini laiti DHIS2 ingekuwa mradi wa majaribio usio na mwenyewe, asubuhi moja fomu za wilayani zingeacha kufanya kazi bila mtandao na pasingekuwa na wa kuuliza. Kwa kuwa ina watunzaji wa kudumu na nchi nyingi nyuma yake, ukurasa wa kuingiza data uliandikwa upya kwa njia mpya.

Viunzi navyo hufa

Hakuna kiunzi cha milele. Ushahidi, programu maarufu iliyozaliwa Kenya wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi na kuanza kazi Januari 2008, ilijengwa juu ya kiunzi cha PHP kiitwacho Kohana. Kohana kilipoachwa na watunzaji wake, Ushahidi ililazimika kuhamia viunzi vya ukoo wa Laravel. AngularJS ya Google, ambayo wakati fulani ilikuwa fasheni kubwa, iliacha kuhudumiwa mwishoni mwa mwaka 2021. Toleo la pili la lugha ya Python lilisitishwa tarehe 1 Januari 2020, na programu ambazo hazikuwa zimehamishwa zikabaki bila tiba ya mianya ya kiusalama.

Kuna pia hatari ya kutegemea vipande vidogo vidogo vya watu wengi wasiojulikana. Machi 2016 mwanaprogramu mmoja aliondoa kwenye ghala la umma kifurushi chake cha mistari 11 tu ya JavaScript, kilichokuwa kikijaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Maelfu ya programu duniani, zikiwemo za kampuni kubwa, zilishindwa kujengwa siku hiyo, na wengi wa wenye programu hizo hawakujua hata kwamba walikuwa wakikitumia.

Kwa West Nile, ushauri wangu kwa wakuu wa ofisi wanaoletewa mapendekezo ni wa kuchosha kidogo. Chagueni kiunzi kilichodumu muongo mmoja au zaidi, kinachotangaza mapema toleo lake litahudumiwa hadi lini (Django, mathalani, huwa na matoleo yanayohudumiwa kwa miaka mitatu hivi), chenye vitegemezi vichache, na ambacho vijana walio karibu wanakijua. Sharti hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Kampala iko takriban kilomita 500 kutoka Arua, na daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, mabasi ya West Nile yalilazimika kuzunguka. Fundi wa kompyuta wa kukodiwa kutoka mbali naye hupita njia hiyo hiyo, na matatizo mengine hayatatuliki kwa simu.

Arua si jangwa la taaluma hii. Chuo Kikuu cha Muni, kilichoongozwa tangu mwanzo na marehemu Profesa Christine Dranzoa hadi kifo chake mwaka 2022, kilianza na masomo ya teknolojia ya habari miongoni mwa yale ya kwanza kabisa. Kinachohitajika ni mikataba inayowapa wahitimu hao kazi ya kutunza mifumo iliyopo, ambayo haina sherehe za uzinduzi wala kamera.

Maneno kwenye skrini

Limebaki jambo moja ambalo wasikilizaji wa Kiswahili watalielewa kuliko wanaprogramu wengi. Katiba ya Uganda ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha hatua za kukitekeleza, pamoja na kukifanya cha lazima shuleni. Huku West Nile, ambako Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiarabu cha Juba hukutana katika soko moja, Kiswahili kilikuwa mdomoni mwa wafanyabiashara na askari muda mrefu kabla ya maamuzi hayo. Viunzi vikubwa navyo vinakijua: Django huja na tafsiri yake ya Kiswahili.

Ila tafsiri ya kiunzi haitoshi iwapo mwanaprogramu ameziunga sentensi kwa vipande. Katika Kiingereza, neno la sifa halibadiliki, kwa hiyo mwandishi mvivu huliandika mara moja na kulibandika mbele ya jina lolote. Kiswahili hakikubali. Mgonjwa ni mpya, kituo ni kipya, jina ni jipya, na majina ni mapya. Programu iliyojengwa kwa kubandika itaandika “kituo mpya” au “wagonjwa kipya”, na mtumiaji atacheka siku ya kwanza, kisha siku ya pili ataomba arudishiwe Kiingereza. Dawa yake inajulikana na haigharimu chochote iwapo itatumika tangu mwanzo: kila sentensi iandikwe nzima kwa ajili ya mfasiri, pamoja na umoja na wingi wake, wala isikatwe vipande.

Saa ni hatari zaidi. Mfumo unaotuma ujumbe usemao “Kliniki yako ni kesho saa 2:00” umekusudia mchana baada ya chakula, ilhali mama anayeusoma kwa Kiswahili anaamka mapema afike saa mbili asubuhi. Atakaa kwenye benchi saa sita, au atarudi nyumbani akiamini amedanganywa. Mara hii kubadilisha maneno peke yake hakutoshi, sharti msimbo wenyewe uhesabu saa upya na kuongeza “asubuhi”, “mchana” au “jioni”. Sijui kiunzi kinachofanya hivyo chenyewe bila kuelekezwa.

Majina na tarehe za kuzaliwa yana mtihani wake. Fomu nyingi hudai jina la kwanza na jina la ukoo, na hukataa kwenda mbele iwapo kisanduku kimoja ni kitupu. Mtu mmoja anaweza kuandikwa Mohamed kwa karani wa Koboko, Muhammad kwa yule wa Arua, na Mahamadi katika makazi ya wakimbizi. Programu inayotafuta herufi kwa herufi itamwona kuwa watu watatu. Mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi UNHCR zilipowahakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na mboni za macho, wakiwemo wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule, idadi iliyokuwa ikitajwa kuwa milioni 1.4 ilishuka hadi takriban milioni 1.1. Tofauti hiyo ilikuwa na sababu nyingi, tuhuma za ulaghai zikiwemo, lakini ilidhihirisha kwamba orodha ya majina peke yake haimtambulishi mtu.

Kwa upande wa tarehe, fomu isiyokubali jawabu la “sijui” humfanya karani abuni, na aghalabu hubuni 1 Januari. Matokeo yake ni kambi nzima za watu waliozaliwa siku moja, na mtoto anayepewa kipimo cha dawa kwa umri wa kukisia kana kwamba ni wa hakika. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo ilianza kutumika hospitalini Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na ambayo ndiyo msingi wa UgandaEMR inayotumika katika kliniki za Uganda, ina safu moja ndogo katika jedwali lake la watu, iliyowekwa pembeni mwa tarehe ya kuzaliwa. Safu hiyo hujibiwa ndiyo au hapana, na swali lake ni moja tu: je, tarehe hii imekadiriwa?